Kanda au Kompyuta: Ulinganisho kwa Anayerekodi Muziki Nyumbani

Anayewaza kununua mashine ya kurekodia ya kanda kwa kawaida huanza na swali la sauti: eti kanda ni tamu kuliko kompyuta? Jibu lipo, litakuja hapa chini. Ila kuna swali linalostahili kutangulia: mashine hiyo ikikwama katikati ya wimbo, nani mjini kwako ataifungua? Ukiwa na jibu la hilo, nusu ya uamuzi umeshaufanya.

Tunalinganisha vitu viwili ambavyo mtu wa kawaida anaweza kuvimiliki. Cha kwanza ni mashine ya kaseti ya traki nne (njia nne za sauti, kila moja hurekodiwa peke yake) yenye mixa ndani yake, ukoo ulioanzishwa na TEAC mwaka 1979 kwa Portastudio 144, kisha Fostex, Yamaha na wengine wakafuata. Cha pili ni laptopu, saundikadi ya nje yenye matundu mawili ya maiki, na programu ya kurekodi. Mashine za rili, zile za kanda iliyo wazi kwenye magurudumu makubwa, tutazigusa pale tu zinapobadilisha hesabu.

Kilichomo ndani

Kanda ya kaseti ina upana wa milimita 3.81. Redio kaseti ya kawaida hutumia nusu ya upana huo kwa upande A na nusu nyingine kwa upande B. Mashine ya traki nne hutumia upana wote kwa mwelekeo mmoja, na nyingi huikimbiza kanda kwa sentimita 9.5 kwa sekunde, mara mbili ya kasi ya kawaida ya 4.76. Kasi hiyo ndiyo inayoiokoa trebo, yaani sauti kali za juu. Kinachopotea ni muda: C-60 inakupa dakika 15 tu, wala hakuna tena upande B, ukiigeuza utasikia nyimbo zako kinyumenyume. C-90 inatoa dakika 22 na nusu, lakini kanda yake ni nyembamba, inavutika na kujikunja haraka kwa sababu kazi ya traki nne ni kwenda mbele na kurudi nyuma pale pale mara nyingi mno. C-120 usiiweke kabisa.

Kaseti iliyorekodiwa hivyo haichezi kwenye redio ya nyumbani. Utasikia traki mbili tu, zikiburuzika kwa nusu ya kasi, oktavu moja chini. Jambo hili linaonekana dogo mpaka siku mashine yako inapokufa na nyimbo zimebaki ndani ya kaseti. Ipo njia ya kuziokoa: cheza upande A kwenye deki nzuri ya kawaida ukirekodi kwenye kompyuta, kisha upande B, ongeza kasi mara mbili kwa programu kama Audacity, ugeuze traki za upande B zisome mbele, halafu uzipange pamoja. Kazi ya jioni nzima kwa wimbo mmoja, na kama ulitumia dbx (mfumo wa kupunguza kelele ya kanda) utahitaji pia kifaa au programu ya kuifungua.

Kwenye kompyuta hesabu ni nyepesi. Kwa biti 24 na kilohezi 48 (sampuli 48,000 za sauti kwa sekunde), traki moja ya mono inakula megabaiti 8.64 kwa dakika; wimbo wa dakika nne wenye traki nane ni megabaiti 276 hivi. Cha kuangalia ni kwamba kilohezi 44.1 au 48 ichaguliwe mara moja, mwanzo wa kazi, isibadilishwe. Faili la 44.1 likichezwa na mfumo ulioamini ni 48, wimbo unakimbia kwa karibu asilimia 9 na sauti inapanda semitoni moja na nusu. Mwimbaji ataambiwa anaimba vibaya, kumbe kosa ni la mpangilio.

Sauti, bila ushabiki

Kwenye kaseti, bila kifaa cha kupunguza kelele, kati ya sauti kubwa isiyopasuka na ile "shhh" ya kanda kuna desibeli 50 na kitu. Dolby B inaongeza kama 10, Dolby C kama 20, dbx kama 30. Biti 16 za kompyuta ni desibeli 96; biti 24 kwa nadharia ni 144, ingawa saketi za saundikadi nzuri huishia 110 hadi 120 hivi. Kwa vitendo, pangaboi, friji na bodaboda za nje zina kelele kuliko saundikadi yoyote ya leo. Kwa usafi, kompyuta imeshinda, hakuna mjadala.

Utamu wa kanda unatoka pengine. Chembe za sumaku zikikaribia kujaa, kanda haipasui sauti ghafla. Inaanza kuviringisha vilele vyake taratibu, inaongeza harmoniki (milio ya juu inayoambatana na noti) hasa ile ya tatu, na trebo ndiyo inayobanwa kwanza. Pigo la ngoma linanenepa, kingo kali za sauti ya mtu zinalainika. Hayo ni ya kweli na yanapimika. Ila yanategemea umerekodi kwa kiwango gani, na hapo ndipo wengi hukosea.

Kwa kanda za Type II (zile za kromu), ambazo ndizo mashine hizi nyingi zilitengenezewa, anzia hapa. Besi na ngoma nzito: acha mshale wa kipimo cha sauti (VU) ufike +3 hadi +6. Sauti ya mwimbaji: kilele karibu na +3. Kayamba, manyanga, hai-hati na matoazi: usivuke −6, kwa sababu trebo nyingi ndiyo inayoijaza kanda mapema, na kayamba lililopitiliza hutoka kama mtu anayekwaruza karatasi. Kumbuka pia kwamba mshale wa VU ni mzito. Pigo fupi la kayamba hupita kabla haujainuka, kwa hiyo ukiuona uko −6 kilele halisi kiko juu zaidi. Mwamini sikio.

Ukiwasha dbx, rudi karibu na 0. Kifaa hicho hubana sauti mbili kwa moja wakati wa kurekodi na kuifungua wakati wa kucheza, kwa hiyo kila kosa la kiwango linakuzwa mara mbili. Kwenye besi iliyo peke yake utasikia "shhh" ikipumua nyuma ya kila noti. Na kaseti iliyorekodiwa na dbx lazima ichezwe na dbx. Andika kwenye lebo: kasi, dbx au Dolby, tarehe, na traki ipi ni nini.

Kanda ina pia tabia ambayo wapenzi wake hawaitaji sana: kasi yake inayumba, na sauti inapanda na kushuka nayo. Noti ndefu za kinanda, zumari au gitaa lililoachwa liendelee kulia huifichua mara moja. Mdundo na sauti ya mtu huificha. Kama muziki wako ni wa noti ndefu zilizotulia, sikiliza mashine kwanza kabla ya kutoa hela.

Kuna wanaosikia rekodi za dansi za zamani za Redio Tanzania Dar es Salaam na kudhani kaseti ya traki nne itawapa ule utamu. Zile zilirekodiwa kwenye rili, bendi ikipiga pamoja. Rili ya robo inchi hukimbia kwa sentimita 19 au 38 kwa sekunde na hubeba sauti kwenye eneo kubwa la kanda kuliko kaseti. Kaseti ina sauti yake, nayo ni nzuri, lakini ni nyingine: yenye ukungu kidogo, iliyobanwa, ya karibu.

Kwenye kompyuta kanuni ya kiwango ni kinyume kabisa. Wastani uwe karibu desibeli −18 kwenye kipimo cha programu, ambacho mwisho wake ni 0, na vilele kati ya −12 na −6. Juu ya 0 hakuna mviringo, kuna kukatwa, na kilichokatwa hakirudi. Aliyezoea kanda huja kwenye kompyuta na mkono wa kusukuma juu, auache. Kwa biti 24 hakuna faida yoyote ya kuugusa ukingo.

Traki nne dhidi ya traki zisizohesabika

Mtu akisema traki nne hazitoshi, huwa hajajua kuzihamisha. Mpango wa kawaida ni huu. Rekodi traki 1, 2 na 3, kisha uzichanganye kwenda traki ya 4, na wakati zinahama mtu apige chombo kimoja zaidi moja kwa moja kwenye mchanganyiko huo. Sasa 1, 2 na 3 ziko wazi. Rekodi 1 na 2, zihamishie 3 pamoja na chombo kingine cha moja kwa moja. Rekodi 1, ihamishie 2 na kingine tena. Malizia na 1. Jumla ni sehemu kumi, na hakuna iliyohama zaidi ya mara moja.

Mipaka yake ni miwili. Kila uhamisho unaongeza kelele na kuondoa trebo, kwa hiyo vyombo vya trebo vibaki mwishoni, na besi na gitaa la mdundo vitangulie. Halafu uhamisho hauna kurudi nyuma: besi ikizidi kwenye mchanganyiko wa kwanza, itazidi mpaka kwenye harusi utakakopigwa wimbo. Kwa sababu hiyo, kabla ya kufuta traki za mwanzo, sikiliza mchanganyiko mpya kwenye spika ndogo na kwenye hedifoni, kisha uimbe juu yake. Besi iongeze kidogo kuliko unavyodhani inatakiwa, kwa sababu vyombo vitakavyokuja juu yake vitaimeza.

Kwenye kompyuta ugonjwa ni tofauti. Traki hazina mwisho, kwa hiyo uamuzi hauna mwisho. Waimbaji hubaki na marudio kumi na manne ya ubeti wa pili, wakiahidiana kuchagua baadaye, na baadaye haifiki. Dawa yake haihitaji kaseti: weka kanuni ya marudio matatu, chagua bora siku hiyo hiyo, futa mengine. Ukitaka mipaka ya traki nne, fungua traki nne kwenye programu na ufunge mkono. Anayenunua mashine ya kanda ili imlazimishe nidhamu ajue kwamba analipia nidhamu bei ya matengenezo.

Kurekebisha ndiko kompyuta isikofikiwa. Neno moja lililokosewa kwenye kanda linarekebishwa kwa kuingia na kutoka kwenye kurekodi papo kwa papo, kwa pedali ya mguu. Ukichelewa kutoka umefuta neno linalofuata, hakuna kitufe cha kurudisha. Kuna pia kipande kidogo cha kanda kati ya hedi (kichwa cha sumaku kinachogusa kanda) ya kufuta na hedi ya kurekodi, kwa hiyo ingia kwenye pumzi, kati ya mistari, usiingie katikati ya neno. Kwenye kompyuta unakata, unahamisha, unarudisha. Na kama mpiga besi yuko Kigoma nawe uko Mombasa, faili linatumwa. Kaseti itapanda basi.

Kwa anayeanza wimbo na biti iliyotengenezwa kwenye programu, kama ilivyo kwa bongo fleva na singeli, kanda haina nafasi mwanzoni. Haiwezi kushika tempo ya kompyuta bila vifaa vya ziada. Kwa anayeimba na gitaa kavu, kikundi cha taarab cha watu watatu, au kwaya ndogo inayorekodi pamoja, kanda bado ina hoja.

Kuchelewa kwa sauti

Hapa kanda inashinda bila jasho. Unachopiga unakisikia papo hapo. Kompyuta hukusanya sauti kwenye bafa kabla ya kuirudisha. Kwa bafa ya sampuli 128 na kilohezi 48, hiyo ni milisekunde 2.7 kwa upande mmoja. Ukijumlisha kwenda, kurudi na draiva (programu inayoiunganisha saundikadi na kompyuta), mara nyingi inafika 7 hadi 10, ambayo wengi huivumilia. Kwa bafa ya 1024 upande mmoja peke yake ni milisekunde 21, na mwimbaji anasikia mwangwi wake na kuanza kuburuza.

Tiba ziko mbili. Tumia kitufe au kirungu cha kusikiliza moja kwa moja kilichopo kwenye saundikadi, kisha uzime sauti ya traki hiyo ndani ya programu, la sivyo utasikia mbili. Au shusha bafa hadi 64 au 128 wakati wa kurekodi, na uipandishe hadi 1024 wakati wa kuchanganya, plagini (programu ndogo za kupamba sauti) zinapokuwa nyingi. Kwenye Windows weka draiva ya ASIO (aina inayopunguza kuchelewa) ya kiwanda cha saundikadi yako. Sauti ikianza kukatika "tik-tik", zima Wi-Fi na programu zinazojisasisha kabla ya kulaumu saundikadi.

Kununua mashine ya kanda iliyotumika

Mashine mpya za traki nne za kaseti zenye ubora wa zile za zamani hazitengenezwi tena kwa wingi, kwa hiyo utanunua iliyotumika, na mara nyingi imetoka nje. Anza na umeme kabla hujachomeka. Mashine ya soko la Japani ni volti 100, ya Marekani ni 120. Yetu ni 230. Ikichomekwa bila transfoma ya kushusha, transfoma ya ndani inaungua kwa sekunde. Zile zinazotumia adapta ya nje ni rahisi: soma volti, ampia, na upande gani wa pini ni chanya, kisha tafuta adapta inayolingana na vyote vitatu. Mashine kubwa za rili zina mtego mwingine. Zile zenye mota ya AC inayofuata mzunguko wa umeme, zikiwa za hezi 60, hapa kwenye hezi 50 zitakwenda polepole, na wimbo utashuka semitoni tatu na zaidi kidogo. Transfoma haitibu hilo. Uliza kama mota ni ya DC.

Kisha nenda na kaseti mpya ya C-60, hedifoni na tochi, ufanye haya papo hapo kwa muuzaji:

1. Fungua mlango wa kaseti, mulika hedi. Ikiwa imelika na kuacha mfereji unaokwama kucha, achana nayo. Hedi ndiyo gharama kubwa kuliko mashine.
2. Angalia gurudumu la mpira linaloibana kanda kwenye kijiti cha chuma. Likiwa linang'aa, lina nyufa au linanata, kanda itayumba au kuliwa.
3. Sukuma mbele na nyuma hadi mwisho. Ikilegea karibu na mwisho, belti zimechoka. Mpira wa belti za zamani hugeuka kitu kama lami nyeusi. Fundi atatumia muda mwingi kuusafisha kuliko kuweka mpya.
4. Rekodi noti moja ya kinanda cha simu, sekunde 30, kwenye kila traki moja moja. Cheza zote. Traki iliyo finyu kwa trebo kuliko nyingine inaonyesha hedi chafu au iliyopinda. Isiyorekodi kabisa ni saketi.
5. Rekodi juu ya traki ya 2 wakati ya 1 na 3 zina sauti. Zisikike kama zilivyokuwa. Zikififia, hedi ya kufuta imehama.
6. Zungusha kila kirungu na sukuma kila kitelezi ukisikiliza. Mikwaruzo inatibika kwa dawa ya kusafishia viunganishi. Sauti kupotea upande mmoja ni kazi zaidi.

Mashine iliyopita yote sita ni adimu, na muuzaji anayekataa usiijaribu amekujibu.

Baada ya hapo huanza matunzo. Kila baada ya saa nane hivi za kazi, safisha hedi na vielekezi kwa kijiti cha pamba na isopropili ya asilimia 99. Spiriti ya kawaida ya duka la dawa ina maji mengi. Gurudumu la mpira lipitishie kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, likauke kabisa. Kila saa 30 hadi 50 ondoa sumaku kwenye hedi: mashine iwe imezimwa, kaseti ziwe mbali, washa kifaa cha kuondoa sumaku ukiwa umbali wa mita moja, kisogeze polepole, kipitishe karibu na hedi bila kuigusa, kirudishe nyuma polepole, ukizime kikiwa mbali. Ukikizima karibu na hedi umeitia sumaku badala ya kuitoa, na trebo ya kaseti zako zote itaanza kufutika kidogo kidogo kila unapozicheza.

Kanda zenyewe: rili mpya bado zinatengenezwa, kwa mfano na RecordingTheMasters wa Avranches, Ufaransa, na ATR Magnetics wa York, Pennsylvania. Kwa kaseti, zinazotoka viwandani leo kwa wingi ni Type I. Type II ulizonazo sokoni nyingi ni akiba ya zamani, na bei yake inapanda. Mashine iliyopangwa kwa Type II itafanya kazi na Type I, ila sauti itabadilika mpaka fundi airekebishe bayasi (mkondo wa umeme unaoiandaa kanda kurekodi). Mafundi wanaojua hilo ni wachache, na mara nyingi ni wazee waliokuwa wakitengeneza redio kaseti. Mtafute mmoja kabla ya kununua mashine, umuulize waziwazi kama ana kifaa cha kupimia.

Umeme, unyevu na miaka ijayo

Umeme ukikatika katikati ya kurekodi, laptopu yenye betri nzima inaendelea. Saundikadi inayokula umeme wa USB inaendelea nayo. Mashine ya kanda inasimama, na kanda inaweza kubaki imebanwa kwenye kijiti. Kabla umeme haujarudi, chomoa. Laptopu ina kero yake: ikiwa kwenye chaja, hasa soketi isiyo na waya wa ardhi, maiki huokota mvumo. Chomoa chaja, rekodi kwa betri, rudisha baadaye.

Pwani, adui wa kanda ni unyevu. Ukungu mweupe hujitokeza pembeni mwa kanda, na ukicheza kaseti hiyo unaupaka kwenye hedi na kuuhamishia kaseti inayofuata. Weka kaseti kwenye boksi linaloziba na vifuko vya silika, zisimame wima, mbali na spika. Rili za zamani zina tatizo jingine: gundi ya baadhi ya kanda, Ampex 456 ikiwa maarufu zaidi, hunyonya unyevu na kunata. Zikikwama zikilia usizilazimishe. Zinahitaji kuokwa kwa joto la nyuzi 54 hivi kwa saa kadhaa na mtu anayejua, na si oveni ya jikoni.

Kwa upande mwingine, kaseti ikihifadhiwa vizuri hukaa miongo bila mtu kuigusa. Faili halisubiri hivyo. Diski hufa bila kuaga, na flashi nyingi za bei poa zinadanganya ukubwa: zimeandikwa gigabaiti 128, zina 16, na zinakubali faili mpaka siku ya kulisoma. Jaribu kila flashi mpya kwa H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Mac na Linux kabla ya kuiamini. Weka nakala tatu, kwenye vyombo viwili tofauti, moja ikiwa nje ya nyumba. Na wimbo ukikamilika, toa kila traki kama faili la WAV linaloanzia sekunde 0, kwa sababu baada ya miaka kumi programu na plagini hazitafunguka, WAV itafunguka.

| | Kaseti ya traki nne | Laptopu na saundikadi |
|---|---|---|
| Kuanza kurekodi | Papo hapo | Dakika chache, ukijua draiva |
| Maiki za kondensa | Mashine nyingi hazina volti 48 ambazo maiki hizo huhitaji. Nunua kifaa cha nje | Volti 48 kwenye saundikadi nyingi |
| Kosa dogo | Rudia au ishi nalo | Kata, hamisha, rudisha |
| Kuharibika | Belti, hedi, fundi adimu | Diski, draiva, fundi wengi |
| Gharama inayojirudia | Kaseti, usafi, ukarabati | Nakala za akiba |
| Kushirikiana kwa mbali | Vigumu | Rahisi |

Nani achukue nini

Kama huna chochote na una hela ya kitu kimoja, chukua saundikadi ya njia mbili na maiki moja ya dainamiki isiyoogopa chumba, kama Shure SM57 au SM58. Reaper ina siku 60 za kujaribu na leseni ya mtu binafsi ni dola 60. Audacity ni bure na inatosha kujifunzia. Zitakazobaki, tumia kwenye godoro au mapazia mazito nyuma ya mwimbaji. Chumba kibaya kinasikika kwenye kanda na kwenye kompyuta sawasawa.

Kama unachochukia ni kioo chenyewe cha kompyuta, kuna njia ya katikati: kirekoda cha traki kinachotumia kadi ya SD. Tascam DP-008EX, kwa mfano, ina traki nane, inarekodi mbili kwa wakati mmoja kwa biti 16 na kilohezi 44.1, na inakwenda kwa betri nne za AA. Unapata vitufe na mipaka, bila belti.

Kaseti ya traki nne imfae mwenye mambo matatu kwa pamoja: fundi aliye karibu, nyimbo zinazobebwa na vyombo vichache, na saundikadi ya kutolea kazi mwishoni. Hilo la mwisho si hiari. Mashine yenye matundu manne ya kutoa traki inahitaji saundikadi ya njia nne, unahamisha zote mara moja. Ikiwa na mawili tu, peleka traki 1 kushoto na 2 kulia, rekodi, rudisha nyuma, fanya 3 na 4. Mizunguko hiyo miwili haitakwenda kasi ile ile: tofauti ya asilimia 0.05 kwa wimbo wa dakika nne ni milisekunde 120, inasikika waziwazi. Piga kofi mwanzoni na mwishoni mwa wimbo kwenye traki zote nne kabla ya yote, ili uwe na alama mbili za kuzivutia traki zilingane.

Mwenye kutaka ladha ya kanda tu, bila mashine ya traki nne, anunue deki ya kawaida ya kaseti yenye hedi tatu. Rekodi kila kitu kwenye kompyuta, peleka ngoma na sauti ya pili kwenye deki, Dolby ikiwa imezimwa, mshale ukigusa +3, na urudishe kinachotoka kwenye hedi ya kusoma hadi traki mpya. Itachelewa kwa sehemu ya sekunde, kwa sababu kanda huifikia hedi ya kusoma baada ya kuipita ile ya kurekodi. Isogeze nyuma mpaka pigo la kwanza likae juu ya pigo la asili. Kwa mono, tumia njia moja tu ya deki. Ukisikia sauti imepwaya kama imepita kwenye bomba, bado hujazima traki ya asili.